"Nichomwe, na msikope": hesabu za msiba mmoja wa Dodoma

Karatasi ilikuwa ndani ya Biblia yake, imekunjwa mara mbili. Mwandiko ni wa mwalimu, herufi zimesimama wima. Sentensi zilikuwa mbili tu: "Nikifa nichomwe moto, nisisafirishwe. Msikope hata shilingi moja kwa ajili yangu."

Marehemu ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Mhaya wa Muleba, mkoani Kagera, aliyeletwa Dodoma na kazi ya ualimu, akaoa kwetu Mvumi, akastaafu, akajenga Nkuhungu. Alifariki Oktoba, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, akiwa na miaka 71. Asubuhi ile, kabla turubai halijafungwa, nilikabidhiwa daftari na kalamu. Katika msiba, anayeshika daftari ndiye anayejua yote: nani katoa nini, nani kadai nini, kilo ngapi za mchele zimeingia na ngapi zimepikwa. Ninaandika kisa hiki kutoka katika daftari hilo, kwa ruhusa ya dada yangu, kwa sababu familia nyingi za mji huu zenye asili ya mbali zitafika pale tulipofika sisi. Ni heri zifike zikiwa na hesabu mkononi.

Karatasi ilisomwa kwenye kikao cha kwanza, sebuleni, saa nne asubuhi. Ukimya uliofuata ulikuwa mrefu. Upande wetu sisi, upande wa mke, hatuna kauli katika maziko ya mume wa watu. Nikamwambia mdogo wake anayeishi Area D, "Shemeji, ninyi ndio wenye mtu. Sisi tunasubiri neno lenu." Akajibu kwamba hawezi kutoa neno la moto mpaka wazee wa Muleba wapigiwe simu.

Wakapigiwa. Baba mdogo wa marehemu, mzee wa miaka zaidi ya 80, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: "Wajukuu wakiniuliza babu yao amelala wapi kwenye kibanja, nitawaonyesha nini?" Kwa Wahaya kibanja ni shamba la migomba, ni nyumba, na ni mahali walipolala waliotangulia. Swali lake halikuwa la fedha kabisa. Lakini kamati ilihitaji kujua fedha, maana sentensi ya pili ya karatasi ilikuwa ya fedha. Mchana wote wa Jumatano nilikaa na simu nikiulizia bei.

Njia ya kwanza ilikuwa kumzika Dodoma, Ijumaa. Jeneza la mninga lisilo na makuu 450,000. Sanda, nguo na maua 120,000. Kaburi 380,000: kuchimba tulijua vijana wa mtaa watajitolea, lakini Oktoba ardhi ya Dodoma haijaonja mvua tangu Aprili, ni ngumu kama sakafu, na sururu bila mtaimbo haziendi. Wanaojitolea hula, na fundi wa kujengea matofali na kumwaga zege hulipwa. Gari la mwili na Coaster moja ya kwenda makaburini 250,000. Mochwari siku tatu 60,000. Hayo yote ni 1,260,000. Kisha turubai, viti na spika kwa siku tatu 240,000, na chakula cha siku tatu 1,350,000. Jumla 2,850,000.

Njia ya pili ilikuwa kumpeleka Muleba. Toka Dodoma kupita Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo ni kilomita kama 900, na gari linalobeba mwili hulipiwa kwenda na kurudi. Tulitajiwa 2,600,000, madereva wawili wakiwemo. Coaster ya waombolezaji 2,400,000. Chakula na kulala njiani 500,000. Mochwari na dawa za kuuhifadhi mwili kwa safari 200,000. Ongeza jeneza na sanda 570,000, msiba wa Dodoma ambao lazima uwepo hata kama mwili unaondoka 1,100,000, na msiba wa Muleba pamoja na kaburi 1,800,000. Jumla 9,170,000. Angefariki akiwa bado mtumishi wa umma, mwajiri angebeba jeneza na usafiri. Lakini alikuwa amestaafu, na mstaafu anazikwa na watu wake.

Njia ya tatu ilikuwa ile ya karatasi. Kila tuliyemuuliza habari za kuchoma alituelekeza Dar es Salaam, kwa jumuiya ya Wahindu, umbali wa kilomita kama 450. Jeneza jepesi, ada ya kuchoma na chombo cha kuwekea majivu tuliandika 850,000. Gari la mwili 1,000,000. Noah ya watu wa familia 600,000. Kulala na kula Dar es Salaam 250,000. Mochwari 60,000. Na msiba wa nyumbani Nkuhungu uleule, 1,590,000, kwa sababu watu wa mtaa hawatauliza kama mwili unakwenda ardhini au motoni. Watakuja kutoa pole, watakaa, watakula.

Hapo nilidhani nimemaliza. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye pekee aliyesimama na karatasi ya baba tangu mwanzo, alishauri twende kwa paroko tukaulize kama Kanisa linakubali. Tukaenda jioni. Paroko alituambia kwamba tangu mwaka 1963 Kanisa Katoliki halikatazi mwili kuchomwa, mradi sababu isiwe kuukana ufufuko, ingawa linaendelea kupenda maziko ya ardhini. Misa inaweza kusomwa kabla ya moto. Kisha akaongeza jambo ambalo halikuwa kwenye hesabu zangu: kwa maelekezo yaliyotolewa Roma mwaka 2016, kwa kawaida majivu hayatakiwi kumwagwa, kugawanywa wala kuwekwa kabatini nyumbani. Yanawekwa mahali patakatifu, makaburini au kanisani.

Kwa hiyo majivu nayo yanahitaji kaburi. Kaburi dogo, la kilo mbili au tatu za mifupa iliyosagwa, lakini kaburi. Nikaandika 150,000, na jumla ya njia ya tatu ikawa 4,500,000.

Turudi kwenye namba hizo, maana ndizo zilizogeuza kikao. Mtu akisikia "kuchoma ni nafuu", anafikiria jeneza na shimo: moto unafuta vyote viwili, basi ni nafuu. Kwa mkazi wa Dodoma aliye tayari kulala Dodoma, si kweli. Moto ulituzidishia 1,650,000 juu ya maziko ya hapa, na karibu yote ni barabara. Tanuru lenyewe halikuwa kitu kikubwa. Mwili huchomwa saa moja hadi tatu, katika joto linaloweza kufika nyuzi 1,000, na ada yake kwa bei tulizotajiwa haikufikia hata bei ya gari la kuufikisha pale. Unafuu wa moto unaonekana pale tu unapoulinganisha na safari ndefu. Kama tungemchoma Dar es Salaam na watu watatu wakapanda basi na chombo cha majivu mpaka Muleba, wakazika kwenye kibanja, tungetumia 6,570,000 badala ya 9,170,000. Hapo moto unaokoa 2,600,000, kwa sababu majivu hayahitaji gari maalumu, wala dawa, wala haraka. Ningekuwa na mzazi anayetakiwa kurudi Kagera, Kigoma au Mara, na yeye mwenyewe ametamka kwa mdomo wake kwamba haogopi moto, hesabu hii ningeiweka mbele ya ukoo bila aibu.

Ila yeye aliandika "nisisafirishwe". Binti alipoona jumla zote tatu alinyamaza, kisha akasema neno ambalo mpaka leo ndilo naliona kiini cha kisa hiki: "Mjomba, mbona hizi sentensi mbili zinapigana?" Ni kweli. Kumchoma kulitaka safari, na kulitaka fedha ambazo hatukuwa nazo. Kutokopa kulitaka tumzike hapahapa. Kutoka Dodoma hapakuwa na namna ya kutimiza zote mbili.

Aliyapata wapi mawazo haya? Dada yangu alitusimulia usiku ule. Miaka kadhaa iliyopita shemeji alimsindikiza rafiki yake wa siku nyingi, Mhindu aliyekuwa na duka la vifaa vya shule, mpaka Dar es Salaam. Alirudi amebadilika. Alisema mtu alifariki leo, kesho yake jioni kila kitu kimekwisha, hakuna deni, hakuna ugomvi wa nyama. Alilinganisha na msiba wa kaka yake mwenyewe, uliomlazimu kuuza kiwanja. Nikamwelewa. Lakini naamini mwalimu wetu aliona kitu sahihi akakipa sababu isiyo yake. Kilichomaliza shughuli ya rafiki yake kwa siku moja kilikuwa desturi inayouzunguka moto. Wahindu hawachelewi kuuaga mwili, na katika familia zao nyingi jiko la nyumba yenye msiba haliwashwi mpaka maiti imeondoka. Majirani ndio huleta chakula.

Na kama ni unafuu wa namna hiyo, hakuhitaji kwenda Dar es Salaam kuuona. Jirani yake wa ukuta mmoja pale Nkuhungu, mzee wa Kirangi wa Kondoa, alifariki alfajiri mwaka jana. Alioshwa, akavishwa sanda nyeupe vipande vitatu, akabebwa kwenye jeneza la msikiti ambalo hurudi msikitini kumsubiri mwingine, na kabla ya swala ya alasiri alikuwa ardhini. Hapakuwa na mochwari, mninga wala zege. Ardhi ileile, mji uleule, na gharama ambayo sidhani ilifika robo ya yetu. Ukiweka misiba hii miwili pamoja unaona kwamba suala la ardhi au moto linakuja baadaye. La kwanza ni siku ngapi mwili utakaa juu ya ardhi, na siku ngapi watu watakaa chini ya turubai.

Alhamisi mjadala ulipanuka. Binti alimtaja Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, ambaye mwaka 2011 alichomwa Nairobi kwa matakwa yake, akiwa kwenye jeneza la magugu maji, mafunjo na mianzi ili usikatwe mti kwa ajili yake. Kumbe hata wakubwa wamefanya. Mdogo wa marehemu akajibu kwa kumkumbusha S.M. Otieno, mwanasheria wa Kenya aliyefariki Desemba 1986, ambaye mjane na ukoo walishindana mahakamani juu ya mahali pa kumzika mpaka Mei 1987. Miezi mitano. "Hata ukishinda," alisema, "umeshindwa." Hakuna aliyetaka huko.

Palitokea pia wazo la shamba lake la Ihumwa. Kaburi la bure, mahali pa familia. Wapo waliolipenda sana, na nililipinga, ingawa kauli yangu ni ya shemeji tu. Mwenyekiti wa mtaa alishatukumbusha kwamba mjini watu wanazikwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Zaidi ya hapo, kila mkazi wa Dodoma ameona ardhi ya pembezoni inavyobadilika: reli ya kisasa, barabara ya mzunguko wa nje, upimaji wa viwanja tangu serikali ihamie hapa. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayoiruhusu serikali kuhamisha kaburi ardhi ikihitajika kwa matumizi ya umma, na kinacholipwa ni gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na mila zinazoambatana na kazi hiyo. Machozi ya kumzika baba mara ya pili hayana fungu. Nina jamaa zangu waliopitia hayo na sikutaka dada yangu ayapitie.

Uamuzi ulikuja Alhamisi saa tatu usiku, kwa simu kutoka kwa wazee wa Muleba. Baba mdogo alisema: azikwe Dodoma, asichomwe, na asizikwe mpaka wafike. Wazee wanne, yeye akiwemo, walikuwa tayari ndani ya basi.

Kila mtu alipumua. Na hapo ndipo deni lilipozaliwa, ingawa hakuna aliyeliona, mimi mwenye daftari nikiwemo. Kusubiri wazee kulisogeza maziko kutoka Ijumaa mpaka Jumamosi, na kwa kuwa waliingia Ijumaa usiku wakiwa hoi, isingewezekana kuanua matanga siku ileile ya kuzika. Turubai likakaa mpaka Jumapili. Siku tatu zikawa tano. Mchele uliisha Ijumaa, mwingine ukachukuliwa kwa mkopo. Hakuna mtu aliyesimama akasema "tukope". Mpishi mkuu aliniita pembeni akasema, "Baba, watu wameongezeka," nikaandika kikaratasi cha deni kwa mwenye duka la nafaka.

Hesabu ya mwisho ni hii. Maziko yenyewe, yaani jeneza, sanda, kaburi, magari na siku nne za mochwari, 1,280,000, karibu kabisa na tulivyokadiria. Turubai na viti siku tano 400,000. Chakula 2,250,000. Nauli za wazee wanne kurudi 280,000. Jumla 4,210,000. Rambirambi, michango ya jumuiya ndogondogo na ya walimu wastaafu ilifika 3,480,000. Deni 730,000.

Niliitazama namba ile ya 4,210,000 kwa muda mrefu. Jumatano tulikataa kumchoma kwa sababu 4,500,000 zilikuwa nyingi mno. Jumapili tulikuwa tumetumia pungufu yake kwa 290,000 tu, na tumemzika. Nakiri kwamba hata njia ya moto ingevimba vilevile, maana wazee wangekuja na watu wangekula. Lakini sababu ya fedha tuliyompa binti, ile iliyomfanya aiweke karatasi ya baba yake mezani na kunyamaza, haikuwa kweli mpaka mwisho. Sababu ya kweli ilikuwa swali la baba mdogo kuhusu wajukuu, na lilikuwa swali zuri, la kutosha kabisa kuamulia jambo. Tungelisema wazi. Tungemwambia binti, "Wazee hawawezi kuubeba moto huu," badala ya kumwambia, "Hatuna hela."

Katika kila shilingi mia tulizotumia, kama 70 zilikwenda kwa waliokuja na 30 kwa aliyeondoka. Sisemi watu wasile. Nimelelewa Mvumi, najua mjane anayelala na wanawake kumi sebuleni hawi kama mjane anayelala peke yake, na uji ule wa saa kumi na moja asubuhi una kazi yake. Nasema kwamba fungu la 30 tulilijadili kwa siku mbili, kwa simu na kwa machozi, na fungu la 70 hatukulijadili hata dakika moja. Nikirudishwa Jumatano ile, ningeanza na hilo. Ningewaomba wazee watuambie saa ile ile kama wanakuja, tuzike siku watakayofika, na mlo uwe mmoja kwa siku kwa wasiolala msibani. Daftari linaonyesha kwamba kwa chakula cha siku tatu, hata nauli za wazee zikiwemo, rambirambi zingetosha na kubaki. Sentensi moja kati ya mbili tungeitimiza.

Jambo jingine ni la marehemu mwenyewe, na nalisema nikimheshimu. Aliishi miaka mingi na mawazo yale. Alimsimulia mke wake kama habari ya safari, si kama agizo. Muleba hakuwahi kumwambia mtu. Mzee wa zaidi ya miaka 80 hawezi kuambiwa habari ya moto kwa mara ya kwanza siku ambayo mwanawe yuko mochwari. Kama angeenda mwenyewe, akakaa na baba yake mdogo chini ya migomba, labda angekataliwa, lakini wangekataana wakiwa hai wote wawili.

Jumatatu asubuhi, kabla ya basi, baba mdogo aliomba apelekwe tena makaburini. Aliinama, akateka udongo kando ya zege bichi, akautia kwenye mfuko mdogo wa plastiki, akaufunga fundo. Ule ndio uliokwenda kibanjani. Haukulipiwa nauli.

Deni tuliligawana watatu: binti, mdogo wa marehemu na mimi. Mwenye nafaka alidai 400,000, wa turubai 150,000, na fundi wa jeneza, ambaye alitukabidhi kazi kabla malipo hayajakamilika kwa sababu alifundishwa na marehemu darasa la tano, 180,000. Fundi ndiye tuliyemmalizia mwisho, Januari. Alitoa kitabu chake, akauliza aandike risiti kwa jina la nani. Binti alisita kidogo, kisha akamwambia, "Andika kama ilivyo kwenye kitabu chako." Akaandika jina la mwalimu wake.